Fanani Huitwa Lini? Ushirikiano wa Taaluma katika Utunzi wa Michezo ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki ushirikiano wa wataalamu wa fani mbalimbali katika utunzi wa michezo ya kompyuta kwa kuzisoma kazi mbili: Never Alone (2014), iliyotokana na ngano ya watu wa Iñupiat wa Alaska, na Hellblade: Senua's Sacrifice (2017), iliyotungwa Uingereza kwa msaada wa daktari wa magonjwa ya akili na watu walioyaishi magonjwa hayo. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano haupimwi kwa wingi wa majina yanayoorodheshwa mwishoni mwa kazi, bali kwa kile anachotakiwa mchezaji kukitenda. Pale ambapo maarifa ya mshirika yameingia katika kitendo cha mchezaji, kazi imeshikamana. Pale yalipobaki katika maelezo na mapambo, mshono unaonekana. Makala inahitimisha kwa kutazama funzo la kazi hizo kwa idara zetu za Kiswahili, ambazo aghalabu huitwa kazi ikiwa imekwisha.

Maneno muhimu: michezo ya kompyuta, fasihi simulizi, fanani, ushirikiano wa taaluma, upatanisho wa kisarufi

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilifuatwa ofisini na wanafunzi wanne wa sayansi ya kompyuta. Walikuwa wametunga mchezo kutokana na ngano za Sungura, na walibakiwa na majuma mawili kabla ya kuuwasilisha kwa watahini wao. Waliniomba jambo moja tu: "Mwalimu, tusahihishie Kiswahili." Nilikubali, nikapewa orodha ya sentensi zinazotokea kwenye skrini, nikashika kalamu nyekundu. Sentensi ya kwanza niliyoikata ilikuwa "Mkuki imevunjika", nikaandika "umevunjika". Ya pili ilikuwa "Kisu imevunjika", nikaandika "kimevunjika". Nilipowarudishia orodha, kiongozi wao alinieleza kwa upole kwamba masahihisho yale hayawezi kuingizwa. Sentensi zile hazikuandikwa mahali popote. Mashine iliziunda yenyewe kwa kuchukua jina la kifaa chochote na kulibandika mbele ya neno "imevunjika". Ili kitenzi kikubaliane na nomino, kila kifaa kilipaswa kuandikiwa ngeli yake tangu siku ya kwanza, na siku hiyo ilikuwa imepita zamani.

Nilipoucheza mchezo wenyewe, niliona kasoro iliyozidi ile ya upatanisho. Sungura aliruka mito, akakwepa mishale, akaokota karoti. Hakusema neno. Hakumdanganya yeyote. Fisi na Simba walikuwa vizuizi vya kurukwa, si wenye tamaa na majivuno ya kuchezewa. Mnyama aliyekuwa mbele yangu alikuwa na masikio marefu, lakini Sungura wa ngano zetu hakuwa yeye. Kosa hilo halikuwa la vijana wale peke yao. Ni kweli kwamba hawakumwita mtu wa fasihi mapema. Lakini mimi, mtu wa fasihi, nilipoitwa nilikubali kuwa msahihishaji wa tahajia, na sikuuliza swali hata moja juu ya Sungura.

Tukio hilo ndilo lililozaa makala hii. Swali lake si kama taaluma mbalimbali zishirikiane. Katika utunzi wa michezo ya kompyuta hakuna njia nyingine. Swali ni hili: mhakiki atautambuaje ushirikiano wa kweli ndani ya kazi yenyewe, na mwenye ngano anapaswa kuitwa lini?

2.0 Kigezo cha Uhakiki

Mchezo wa kompyuta wa ukubwa wa kadiri huhitaji mwandishi wa programu, msanifu wa kanuni za uchezaji, mchoraji, mtunzi wa muziki na sauti, mwandishi wa hadithi, na watu wa kuujaribu. Wahenga wametuachia methali mbili zinazopingana juu ya hali kama hiyo. Moja husema kidole kimoja hakivunji chawa; nyingine huonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zote mbili ni za kweli, na mhakiki hawezi kuchagua moja akaiacha nyingine. Anachoweza ni kuichunguza kazi iliyokwisha kutungwa na kuona ni wapi vidole vimekutana na ni wapi kila nahodha amevuta upande wake.

Kwa hiyo tunahitaji kigezo kinachotokana na tabia ya utanzu huu. Msomaji wa riwaya husoma. Mtazamaji wa tamthilia hutazama. Hadhira ya ngano huitikia, huimba kiitikio, na humsukuma fanani kwa vicheko na maswali. Mchezaji wa mchezo wa kompyuta huenda hatua moja mbele: hutenda, na bila kitendo chake kazi husimama. Katika utanzu huu, basi, maana haibebwi na maneno na picha pekee. Hubebwa pia na kitendo kinachorudiwa mara mia. Mchezo unaoweza kuhubiri amani katika maelezo yake huku ukimtaka mchezaji aue kila anayekutana naye umesema mambo mawili, na lile la vidole ndilo litakalokumbukwa.

Kutokana na hayo, nitaziuliza kazi mbili teule maswali mawili. Kwanza, je, maarifa ya mshirika asiye mtu wa kompyuta yameingia katika kitendo cha mchezaji? Pili, mshirika huyo aliingia lini, na alikuwa na mamlaka gani?

3.0 Never Alone: Wazee Walipoketi na Waandishi wa Programu

Never Alone, ambayo pia huitwa Kisima Ingitchuna kwa lugha ya Iñupiaq, ilitoka Novemba 2014. Chanzo chake hakikuwa kampuni ya michezo iliyotafuta ngano ya kigeni ya kupambia bidhaa. Cook Inlet Tribal Council, shirika la wenyeji wa Alaska lenye makao yake Anchorage, lilikuwa likitafuta pato lake lenyewe na pia njia ya kuwafikishia vijana urithi wa wazee wao. Likaunda kampuni ya Upper One Games na kushirikiana na E-Line Media. Wazee, wasimulizi na wanajamii wapatao 40 walichangia katika utunzi. Mwandishi wa kazi, Ishmael Hope, ni mshairi na msimulizi mwenye asili ya Iñupiat na Tlingit.

Ngano iliyochaguliwa ilijulikana kutokana na usimulizi wa Robert Nasruk Cleveland. Kabla ya kuitumia, watunzi walikwenda kuomba idhini ya binti yake, mzee Minnie Gray. Jambo hilo halipaswi kusomwa kama adabu tu. Katika fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba ngano ni mali ya jamii nzima, na mara nyingi kauli hiyo imekuwa kisingizio cha kuichukua bila kumwuliza yeyote. Hapa fanani aliyekwisha kufariki alitambuliwa kwa jina, na mrithi wake akapewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Aliyeombwa idhini ana mamlaka. Aliyeombwa maoni tu hana.

Ngano yenyewe inahusu kijana anayetoka kijijini kwenda kutafuta chanzo cha dhoruba ya theluji isiyokoma. Katika mchezo, mvulana wa ngano amekuwa msichana, Nuna, na amepewa rafiki, mbweha mweupe. Badiliko hilo halipaswi kumshtua mtafiti wa fasihi simulizi, kwa kuwa kila utendaji huzaa toleo lake. Linalostahili kuchunguzwa ni kazi ya badiliko hilo. Nuna ana silaha ya kamba zenye vizito, anasukuma mizigo na kukwea kamba. Mbweha anapanda kuta na kuwafanya mizimu wasaidizi waonekane na kufikika. Hakuna mmoja anayeweza kufika peke yake, na mmoja akifa, wote wawili wanarudi nyuma. Jina la mchezo linasema "kamwe si peke yako", lakini jina hilo halikuhitaji kuelezwa: mchezaji hulijua kwa mikono yake. Hapa falsafa ya kutegemeana, ambayo wazee waliisisitiza, imekuwa kanuni ya uchezaji.

Vivyo hivyo upepo. Katika michezo mingi ya kuruka na kukwea, hali ya hewa ni pazia la nyuma. Hapa mchezaji asipoinama upepo unapovuma usoni hutupwa nyuma. Na akijua kuungoja uvume kutoka mgongoni, huruka mbali kuliko nguvu zake. Hayo ni maarifa ya watu wanaoishi na upepo huo, nayo yameingia katika kitendo. Sauti ya msimulizi, James Mumiġan Nageak, inasikika kwa Iñupiaq kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wengine tunasoma tafsiri chini ya skrini. Lugha ya wachache imepewa kiti cha mbele, nayo lugha kubwa ya kibiashara ikasogezwa pembeni.

Hata hivyo, kigezo chetu kinafichua mshono. Sehemu kubwa ya maarifa ya wazee imewekwa katika filamu fupi ambazo mchezaji huzifungua kadiri anavyosonga mbele. Filamu hizo ni nzuri. Mimi binafsi nilijifunza mengi kutokana nazo. Lakini ili kuzitazama, ni lazima mchezaji aache kucheza. Mzee anasema katika chumba kimoja, mchezo unaendelea katika chumba kingine, na mlango kati yake hufunguliwa kwa hiari. Zaidi ya hayo, umbo la jumla la uchezaji, yaani kuruka, kuanguka, kufa na kurudia, limerithiwa kutoka desturi ya utanzu huu wa michezo, wala halikutoka kwenye ngano. Anayecheza peke yake humwachia kompyuta mbweha, na mbweha huyo mara nyingine hukwama au huanguka bila kosa la mchezaji. Panapotokea hivyo, kazi inayofundisha kumtegemea mwenzako inakufunza bila kukusudia kwamba mwenzako hategemeki. Huo si upungufu wa ngano wala wa wazee. Ni mahali ambapo programu haikuweza kubeba uzito wa wazo lililokabidhiwa.

Kazi hii ilipata tuzo ya BAFTA ya mchezo wa kwanza wa watunzi wapya mwaka 2015. Ilistahili. Lakini kuistahi ni pamoja na kuonyesha ni wapi ushirikiano ulikamilika na ni wapi uliishia kuwa ujirani.

4.0 Hellblade: Ugonjwa Kama Kanuni ya Uchezaji

Kazi ya pili inatoka katika mazingira tofauti kabisa, na ndiyo sababu ya kuiteua: nataka kuona kama kigezo kile kinafaa hata pale ambapo mshirika ni daktari. Hellblade: Senua's Sacrifice ilitolewa Agosti 2017 na Ninja Theory, kampuni ya mji wa Cambridge, kwa timu ya watu wapatao 20. Senua, mwanamke shujaa wa kabila la Picti, anasafiri kwenda kuzimu ya Wanorsi kuiokoa roho ya mpenzi wake Dillion. Senua husikia sauti ambazo wengine hawazisikii na huona maana katika vitu ambavyo kwa wengine havina maana.

Paul Fletcher, daktari wa magonjwa ya akili na profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliishauri timu katika kipindi cha utunzi, na taasisi ya Wellcome Trust ikachangia fedha. Muhimu zaidi, watu ambao wamewahi kusikia sauti za aina hiyo walihojiwa na kuonyeshwa kazi ikiwa bado inatungwa. Yaani kulikuwa na wajuzi wa namna mbili: aliyesomea ugonjwa na aliyeuishi. Katika istilahi zetu, mtafiti na fanani waliitwa pamoja.

Matokeo yake yanasikika, kwa maana halisi ya neno hilo. Sauti zilirekodiwa kwa maikrofoni zilizowekwa mfano wa masikio mawili ya mtu, hivi kwamba anayevaa spika za masikioni huzisikia zikimzunguka kichwa: moja inacheka kushoto, nyingine inanong'ona nyuma, ya tatu inamkatisha tamaa. Kama zingekomea hapo, zingekuwa mapambo ya kutisha tu. Lakini skrini ya mchezo huu haina mstari wa kuonyesha uhai uliobaki wala maelekezo yaliyoandikwa. Katika pambano, sauti hizo hizo zinazomdhihaki Senua ndizo zinazomwonya kwamba adui yuko nyuma yake. Mchezaji analazimika kuzisikiliza na kuzishuku kwa wakati mmoja. Kadhalika, milango mingi hufunguliwa kwa kutafuta umbo fulani katika vivuli, magogo na matawi. Mchezaji hujikuta akiona alama kila mahali, kama Senua. Daktari angeweza kuyaeleza haya katika kitabu. Mchezo unamfanya mchezaji ayatende.

Kazi hii nayo haikosi mshono. Mapambano ya upanga yanajirudia kupita kiasi, na wakati mwingine mtu huhisi kwamba yamewekwa kwa sababu soko linayatarajia. Tena, mwanzoni mchezaji huonywa kwamba ubovu mweusi ulio mkononi mwa Senua utapanda kila anaposhindwa, na ukifika kichwani safari yote itafutika. Baadaye wachezaji waligundua kwamba tishio hilo halitekelezwi. Wapo walioudhika kwa kudanganywa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ushirikiano ulipofika kina chake: hofu isiyo na msingi, ambayo hata hivyo inatawala kila hatua, imehamishwa kutoka kwa mhusika hadi kwa mchezaji. Si hoja ya daktari tena wala ya mwandishi wa programu, kwani haiwezekani kuitenganisha.

Jambo moja zaidi linafaa kutajwa. Aliyemwigiza Senua, Melina Juergens, alikuwa mhariri wa video katika kampuni hiyo. Alisimama mbele ya kamera ili vifaa vijaribiwe, na akabaki kuwa mhusika mkuu. Mwaka 2018 kazi hii ilipata tuzo 5 za BAFTA, mojawapo ikiwa ya uigizaji wake. Katika timu ambayo mipaka ya taaluma ni kuta za zege, mhariri wa video asingepewa nafasi hiyo.

5.0 Funzo kwa Idara za Kiswahili

Kazi hizi mbili zinaturudisha kwa Sungura wa wale wanafunzi wanne. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni la isimu. Mtindo wa kuunda sentensi kwa kubandika maneno unafaa katika lugha ambazo kitenzi hakibadiliki sana kufuata nomino. Katika Kiswahili huvunjika papo hapo: mkuki umevunjika, kisu kimevunjika, jembe limevunjika, ngao imevunjika. Hata hesabu ina mitego yake. Tunasema visu viwili, mikuki miwili, majembe mawili na ngao mbili. Nane nayo hufuata ngeli, lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mwanaisimu anayeitwa siku ya kwanza atasema: kila kitu katika mchezo kiwe na jina la umoja, jina la wingi na ngeli yake. Ni kazi ya alasiri moja. Anayeitwa siku ya mwisho atakata sentensi kwa kalamu nyekundu na kuambiwa haiwezekani, kisha watoto wetu watacheza na kusoma "Kisu imevunjika" hadi waizoee.

La pili ni la fasihi. Sungura hushinda kwa ulimi. Anajua Fisi anatamani nini na Simba anajivunia nini. Anachukua neno la mmoja na kulipeleka kwa mwingine likiwa limepinda kidogo. Mchezo wa kweli wa Sungura ungempa mchezaji kazi ya kusikiliza, kukumbuka nani aliahidiwa nini, na kuchagua uongo ambao hautamrudia. Mwanzo wake ungeweza kumtaka mchezaji aitikie kama hadhira inavyomwitikia fanani, na asipoitikia, ngano isianze. Mtu wa fasihi anayetaka kushiriki katika utunzi wa aina hii asilete maandishi ya ngano peke yake. Alete orodha ya vitendo: mhusika hufanya nini, anapata nini, anapoteza nini, na nini hakiwezi kubadilishwa bila kuivunja ngano. Hiyo ndiyo lugha ambayo msanifu wa kanuni anaielewa, nasi ni lazima tujifunze kuisema. Ushirikiano hauwezi kuwa wa upande mmoja kujifunza na mwingine kuhukumu.

Wala hatuanzi kutoka utupu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni ushahidi kwamba jamii za pwani zimejua kwa muda mrefu kuunganisha lugha na kanuni ya uchezaji. Kunamua, mtaji, kutakata, kichwa, kimbi: kila istilahi inabeba kanuni yake. Shimo liitwalo nyumba linalindwa kama nyumba inavyolindwa. Katika hatua ya kunamua, msambazo wa mtu aliyekula ukiishia katika nyumba yake, ana hiari ya kulala hapo au kuendelea. Kanuni hiyo isingefundishika kwa wepesi kama shimo lingepewa nambari badala ya jina. Anayelihamishia bao kwenye simu akahifadhi hesabu na kuacha istilahi amehamisha nusu yake tu.

La tatu ni la haki. Idhini aliyoombwa Minnie Gray inatupa kipimo. Bibi anayewasimulia watafiti wetu ngano Bujumbura, Kisangani au Mbarara hutajwa katika tasnifu kama "msailiwa", mara nyingine bila jina. Ngano yake ikigeuzwa kuwa mchezo unaouzwa, nani ataulizwa? Nani atalipwa? Kama sisi tunaokusanya ngano hatuna jibu, hatuna mamlaka ya kimaadili ya kuwalaumu wahandisi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ushirikiano wa taaluma huacha alama inayoweza kusomwa ndani ya kazi. Never Alone inashikamana pale ambapo kutegemeana na upepo vimekuwa vitendo, na inafumuka pale ambapo mzee amewekwa katika chumba cha pembeni. Hellblade inashikamana kwa sababu aliyeuishi ugonjwa aliingia kabla kanuni hazijagandamana. Katika zote mbili, wakati wa kuitwa na mamlaka ya aliyeitwa vimeamua ubora kuliko ukubwa wa bajeti au wingi wa majina.

Kwa hiyo napendekeza hatua ndogo inayowezekana katika vyuo vyetu bila kungoja fedha za wafadhili: mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anayetunga mchezo kutokana na ngano awe na mwenzake wa idara ya Kiswahili tangu pendekezo la mradi, na wote wawili watahiniwe kwa kazi hiyo moja. Nasi walimu tukifuatwa ofisini na kuombwa kusahihisha Kiswahili, kabla ya kushika kalamu nyekundu tuulize swali ambalo mimi sikuliuliza: huyu Sungura wenu anashinda kwa nini?